Jina Lililotolewa Ukurasa wa Kwanza

Mashine za fotokopi zilinguruma, foleni ilikuwa imefika nje, na feni ya duka, ambayo asubuhi nzima ilikuwa imezira, ikaamua kuzunguka kwa nguvu zote. Kurasa za Malkia zikapeperuka kutoka kaunta zikatua miguuni mwa watu. Malkia ndivyo dada yake alivyomwita tangu aanze kazi ya kuchunguza nyuki chuoni, na wenzake wakalidaka jina. Akachuchumaa na gauni lake la kijani na viatu vya visigino, akiokota huku anailaani feni kimoyomoyo.

Alipoinua macho, aliona mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linatisha, ameshika ukurasa wake wa mwisho. Haurudishi. Anausoma, tena kwa kukunja uso.

"Kaka, hiyo ni yangu."

"Najua. Lakini dada, hii orodha yako ya marejeo inaumwa."

"Pole yake. Wewe ndiye daktari wake?"

"Mimi mkutubi, hapo maktaba ya chuo. Angalia: huyu umeanza na jina la ukoo, huyu umeanza na jina la kwanza. Huyu umempa mwaka, huyu umemnyima. Na huyu, maskini, hata nukta hana."

Malkia alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Mwenye duka akagonga kaunta. "Jamani, kama mnachumbiana, chumbianeni nje. Foleni ndefu."

Huko nje, kwenye kelele za pikipiki na wauza vocha, Malkia alimweleza. Jarida moja la kisayansi lilikuwa limemrudishia muswada wa makala yake bila kuusoma kwa sababu marejeo yake hayakufuata utaratibu wao, na lilimpa nafasi moja tu ya kurekebisha. Kisha akamweleza na lile linalomkera zaidi. Kwa bosi wake wa zamani alifanya kazi usiku na mchana, utafiti ukatoka kwa jina la bosi peke yake. Yeye alishukuriwa mwishoni, baada ya dereva. Alipanda yeye, akavuna mwingine, na tangu siku hiyo aliapa kwamba kazi yake inayofuata itabeba jina lake au haitatoka kabisa.

Mkutubi alitoa leso mfukoni akampa, maana machozi yalishafika.

Wakaanza kukaa pamoja mchana, kwenye meza ya dirishani maktaba. Malkia akampa jina la Bwana Nukta, naye akalipokea bila ubishi. Jarida lilitaka marejeo yapewe namba kwa jinsi yanavyotokea ndani ya makala, wakati Malkia alikuwa ameyapanga kwa alfabeti na kuandika kila kitu kwa mkono wake. Ukihamisha aya moja, namba zote zinavurugika.

"Huyu wa saba umemsoma?" Bwana Nukta aliuliza siku moja.

"Nimemsoma... kupitia kwa mwenzake aliyemtaja."

"Hiyo ni kumpa mtu mkono kupitia kwa jirani. Nenda kamsome mwenyewe, mpenzi."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Malkia alijifanya hakusikia, lakini alimsoma huyo wa saba kwa furaha isiyo ya kawaida.

Jioni zikawa za simu. "Umekula, Nukta?" "Nimekula, malkia wangu, nimebaki na njaa ya sauti yako." Dada yake, ambaye alikuwa anaishi naye, akasema hajawahi kuona marejeo yanayomfanya mtu anenepe mashavu.

Kisha kazi ikakamilika. Bwana Nukta akaumalizia kuupanga muswada akamtumia kwa baruapepe, na Malkia akaufungua maabara, koti jeupe bado mwilini. Ukurasa wa kwanza: kichwa cha makala kipo, jina lake hakuna. Akashuka mbio mpaka kwenye orodha. Tasnifu yake ya shahada, ile aliyoitolea jasho, haikuwa na mwenyewe. Mahali pa jina lake paliandikwa "Mwandishi" tu.

Akapiga simu.

"Jina langu liko wapi?"

"Nimelitoa, malkia wangu. Ni kwamba..."

"Umelitoa. Na kwenye tasnifu yangu?"

"Huko nimelifunika. Nisikilize kwanza."

"Nilikusimulia yaliyonipata, ukanipa leso. Kumbe ulikuwa unajifunza."

Bwana Nukta alikuwa mpole, ila alikuwa na kiburi chake, na hilo la kufananishwa na yule bosi lilimchoma.

"Kama mwizi wako ni mimi, sina la kuongeza," akasema. "Maelekezo ya jarida unayo. Yasome." Akakata.

Malkia hakuyasoma. Alilia, akanuna, akakataa chakula, mpaka dada yake alipochoka.

"Wewe si ndiye unayehesabu manyoya ya mguu wa nyuki? Karatasi ya maelekezo inakushinda?"

"Sina haja nayo."

"Una haja na mwanamume, mdogo wangu. Soma."

Akasoma, shingo upande. Katikati ya ukurasa wa pili aliacha kusoma, akauanza ukurasa huo tena taratibu. Jarida halikutaka wahakiki wamjue mwandishi, ili wapime kazi na si mtu. Jina litolewe kwenye muswada, kazi za nyuma za mwandishi zifichwe, na jina liwekwe kwenye ukurasa wake wa pekee, faili la pili, lirudishwe kazi ikikubaliwa.

Akairudia ile baruapepe. Ilikuja na mafaili mawili. Kwa hasira alikuwa ameishia kwenye la kwanza. La pili lilikuwa na jina lake tu, kwa herufi kubwa, limepangwa katikati ya ukurasa kwa heshima zote.

"Dada," akasema, "nimemtukana mtu bure."

Alituma yote mawili kwa jarida, akavaa gauni jekundu, akaenda maktaba mchana kweupe, wanafunzi wamejaa mpaka kwenye ngazi. Akasimama mbele ya dawati la mkutubi.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Sauti ya chini," Bwana Nukta alisema, macho kwenye kompyuta. "Hapa maktaba."

"Sauti ya chini sitaki. Nilikuonea. Acha wasikie."

Vichwa vikainuka kila meza. Bwana Nukta akainuka pia, na Malkia akaona macho yake mekundu.

"Iliniuma sana," akasema. "Lakini na mimi nilikosa. Jina la mtu haliguswi bila kupiga hodi, na la kwako hasa. Nilipaswa kukuambia kwanza."

Wanafunzi wakapiga makofi. Mkutubi mkuu akatoka ofisini kuwanyamazisha, akamwona Malkia anavyolia na kucheka, akarudi ndani akafunga mlango.

Majibu ya wahakiki yalichukua muda, ila yalikuja na neno alilolingoja: imekubaliwa. Siku makala ilipotoka, walikaa meza moja, kompyuta mbele yao, na pale juu kabisa lilikuwapo jina lake, peke yake. Malkia aliligusa kwa kidole kwenye kioo. Alishinda, na alijua ameshinda.

"Sasa watu watakutaja kwa jina hili," Bwana Nukta akasema. "Nimeona wanawake wengi wakiolewa, wakabadilisha jina, kazi zao zikagawanyika, nusu huku nusu kule, kama za watu wawili."

"Unanishauri nisiolewe?"

"Nakushauri uolewe na mtu atakayeliacha jina lako kama lilivyo."

"Unamjua wa namna hiyo?"

"Namjua. Amekaa hapa, bega kwa bega nawe."

Malkia alirudi kwenye kioo, akalisoma jina lake tena, makusudi, amwache ahangaike kidogo.

"Nimekukubali," akasema. "Bila masahihisho."