Mke wa Jukwaani

Kabla ya alfajiri, kifuniko cha sufuria kiligongagonga jikoni kwa Ayuma, mtaani Mowlem. Maji ya chai yalichemka, yeye ameinama tu. Simu ikalia tena. Ni Munene.

"Mpenzi, usikate."

"Mpenzi wa nani? Si ni mchezo tu?"

Hata hivyo, Ayuma hakukata.

Walikutana Eastleigh, katikati ya msongamano, wakivutania leso moja dukani kwa Fadumo. Munene akaiachia, akamfuata Ayuma mpaka kundi la maigizo la kanisani kwao. Wakapewa kuigiza mume na mke, na mazoezi yakazaa mapenzi. Bwire, mwalimu wao, hakuchoka kumkemea Munene: "Mtazame mkeo! Ukianza kutazama watu, umeshatoka nyumbani mwako."

Jana, Jumapili, ukumbi ulijaa. Ayuma alijifunga leso ile, nyekundu yenye maua meupe. Munene akamshika mkono.

"Wazee, huyu ndiye mke wangu."

Hapo macho yakamteleza. Mstari wa mbele alikaa mama yake, Waithera, ambaye hakuwahi kuambiwa habari za Ayuma. Munene akauachia mkono.

"Mami, ni mchezo tu!"

Watu wakaangua kicheko. Ayuma aliumia, lakini hakutoka kwenye mchezo. Alimfuta Munene jasho polepole kwa pindo la leso.

"Baba watoto, homa imekupanda. Kaa, unywe uji."

Kicheko kikageuka makofi.

"Nilikukana," Munene alisema sasa simuni, "na wewe ukanisitiri."

"Nilisitiri mchezo, Munene. Si wewe."

"Njoo nyumbani leo. Nitasema mbele ya mami."

"Na ukipotea tena?"

"Nitakutazama wewe."

Alasiri, nyumbani kwa Waithera, mtaani Umoja, Munene alisimama. Hakumtazama mama, hakutazama mlango. Alimtazama Ayuma.

"Mami, huyu ni Ayuma. Ninampenda. Jana niliona haya kusema. Leo ninaona haya kwamba sikusema."

Waithera alimwongezea mgeni chai kwanza.

"Mimi nilijua jana. Jasho la mtu wa mchezo halifutwi polepole vile."

Ayuma akainamisha uso, akitabasamu na machozi yakimtoka.

Waithera aliwasindikiza hadi langoni, kiganja cha Ayuma ndani ya chake.

"Jumapili uje tena, mwanangu. Huyu akikawia kukuleta, njia umeiona."