Santuri ya Lebo Nyekundu

SAA TATU ASUBUHI

Mjomba alichora nyumba kwa chaki juu ya meza ya kuzibia matairi. Mlango. Ukumbi. Korido. Chumba cha mwisho.

"Hapa," alisema, akakandamiza mpaka chaki ikavunjika. "Mzee analala na santuri zake kama mtu anavyolala na mke."

Bondia akacheka. Pua yake ilikuwa imevunjwa mara nyingi hata ikasahau ilikokuwa ikielekea. "Na sisi tunakwenda kumfumania."

"Funga domo usikilize."

Chumba cha nyuma cha karakana kilinuka raba iliyoungua. Walikuwa wanne. Mjomba, mwenye karakana na mwenye kazi. Bondia, mwenye ngumi. Dereva, aliyeweza kupitisha gari mahali ambapo mbuzi angegeuka akarudi. Na Sindano, mkewe Dereva, mpwa wa Mjomba, mtoto wa dada yake tumbo moja. Jina hilo alilipata kwenye kazi. Miaka miwili alimfanyia kazi yule mzee: kuosha santuri kwa maji na tone la sabuni, kuzikausha kwa kitambaa laini, kubadilisha sindano za gramafoni. Mjomba ndiye aliyempeleka, na Mjomba ndiye aliyemtoa, alipokuwa amekwisha kuona vya kutosha.

"Mwambie tena huyu zuzu tunachokifuata," Mjomba alisema.

"Santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande," Sindano alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo siku zote, watu humwinamia ili wamsikie. "Ni soul, muziki wa Wamarekani weusi, ya miaka ya sitini. Kiwanda kiliungua kabla hazijafika dukani. Zilizopona hazijazi kiganja. Lebo yake, ile karatasi ya katikati, ni nyekundu, ina picha ya ngoma."

"Kwa ajili ya hiyo moja?" Bondia aliuliza. "Si huyo tajiri anunue redio?"

"Mnunuzi yuko hotelini," Mjomba alisema. "Jioni anapanda ndege. Akiondoka bila hiyo santuri, sisi tumebeba takataka. Tunachukua sanduku zima, tunaitoa hapa, tunaipeleka. Basi."

"Mjomba, uliniahidi," Sindano alisema. "Mzee haguswi."

"Nimekuahidi mimi, mjomba wako. Unataka niape kwa kaburi la mama yako?"

Hakutaka. Alimtazama mumewe. Dereva alikuwa anafuta kioo cha miwani yake ya jua, taratibu, kama mtu asiye na habari.

Kulikuwa na jambo Mjomba hakulijua. Wakusanyaji wa santuri hizi wana wivu kuliko wake wenza. Kila Jumamosi jioni hukutana kwenye ukumbi wa dansi, kila mmoja apige alichonacho, na wengine hujisogeza karibu na gramafoni, macho kwenye lebo, wapate kujua jina la wimbo wakautafute nao. Kwa hiyo mwenye kitu ambacho wenzake hawana hukifunika. Hubandika karatasi nyeupe juu ya lebo, akaandika jina la uongo. Santuri nyekundu ya ngoma ilifunikwa na Sindano mwenyewe, kwa uji wa unga wa ngano, na mzee akaandika juu yake kwa kalamu ya wino: Nyimbo za Watoto.

Mjomba angetafuta nyekundu. Asingeiona. Angetukana, angeamuru sanduku likatupwe, na wa kwenda kutupa ni mwenye gari. Usiku ungewakuta Sindano na mumewe wamevuka mpaka, na kitu cha kuanzia maisha. Hawakuwa na njia nyingine ya kutoka. Wa mwisho kumwambia Mjomba kwamba amechoka aliokotwa mtaroni, mdomo umejaa misumari.

Ulikuwa mpango mzuri. Ila ulimhitaji Mjomba akate tamaa.

SAA NANE MCHANA

Bondia aligonga mlango akiwa na ovaroli ya watu wa umeme.

"Tunakagua mita, mzee."

Komeo liligeuka. Bondia akaingia kwa bega. Mjomba na Sindano wakafuata, soksi usoni, mlango ukafungwa. Dereva alibaki nje, injini inanguruma polepole.

Mzee alikuwa na fulana na saruni, kikombe cha chai mkononi. Hakupiga kelele. Alikitazama kikombe kilivyoanguka, kisha akaitazama bastola mkononi mwa Mjomba.

"Chukueni televisheni," alisema.

"Tuna televisheni," Mjomba alisema. "Twende chumbani."

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, la mbao, lenye kitasa cha shaba. Mjomba alipiga magoti akaanza kuzichomoa santuri kama mtu anayechagua vitunguu. Bluu. Njano. Nyeusi. Nyeupe. Moja ilimponyoka, Sindano akaidaka kabla haijafika sakafuni. Aliishika kwa viganja, pembeni tu, vidole havigusi mistari.

Mzee aliona mikono ile. Yeye ndiye aliyeifundisha kushika hivyo. Macho yake yalipanda polepole hadi kwenye soksi, yakasimama pale. Neno moja tu la mzee lilitosha kumzika.

"Nyekundu iko wapi?" Mjomba aliuliza.

"Niliiuza."

"Kwa nani?"

"Nimesahau. Mimi mzee."

Mjomba alimpiga kwa kitako cha bastola. Taya lililia kama kijiti kikavu.

Sindano akasogea hatua. "Bosi, twende. Tutatafuta vizuri mbele ya safari."

"Nyamaza wewe." Akamtikisia Bondia kichwa. "Mkumbushe."

Bondia alikuwa fundi wa kukumbusha. Alianza na mbavu. Mzee aliinama, akasimamishwa, akainama tena. Damu ilitoka puani ikalowesha fulana hadi kitovuni. Kila alipopata pumzi alisema neno lile lile: niliiuza. Na kila aliposema alimtazama Sindano. Walikuwa wawili chumbani mle wanaoijua siri. Mmoja alikuwa anaikumbatia kwa sababu aliipenda ile sauti kuliko mwili wake. Mwingine alikuwa na mdomo mzima, meno yote, na hakuufungua.

Ngumi ya mwisho ilimtupa kwenye pembe ya kitanda cha chuma. Kisogo kilitangulia. Hakuinuka tena. Miguu yake ilisugua sakafu kidogo, ikatulia.

Bondia alimgusa shingo. "Huyu kaondoka, Mjomba."

"Kajitakia. Beba sanduku."

Aliyebeba ni Dereva. Mjomba alimwita kwa mluzi, akaingia, akaliinua sanduku bila kuangalia kitandani. Wengine walipokuwa wanafuta vitasa na kuvua soksi, yeye alikuwa peke yake kwenye gari, sanduku likiwa pembeni yake.

SAA TISA

Santuri zilitandazwa sakafuni kwenye karakana, mlango wa bati umeshushwa. Bondia alikuwa ananawa mikono kwenye beseni la kupimia matairi. Maji yaligeuka waridi.

"Nyimbo za Watoto," alisoma kwa taabu, akaisukuma kando kwa kidole cha mguu. "Kumbe mzee alikuwa na wajukuu."

Mjomba alikuwa amegeuza kila moja mara mbili. Hakuna nyekundu. Akampigia simu mnunuzi. Alisikiliza zaidi kuliko alivyosema. Alipoweka simu mfukoni, uso wake ulikuwa umetulia, na Sindano, aliyelelewa mikononi mwake, akajua kwamba hapo ndipo pabaya.

"Anasema mzee hajauza," Mjomba alisema. "Anasema Jumamosi iliyopita ilipigwa ukumbini, kaisikia kwa masikio yake, na ilitoka kwenye sanduku hili. Basi tuliondoka nayo. Imepotea kati ya kule na hapa." Akageuka. "Mkwe wangu."

"Naam, Mjomba."

"Ulikaa na sanduku peke yako."

"Nilikaa na usukani. Sanduku lilikaa lenyewe."

Bondia alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Risasi ya kwanza iliingia gotini. Dereva alianguka juu ya rundo la matairi akilia kwa sauti ambayo Sindano hakuwahi kuisikia kwa mwanamume. Miwani ya jua ilivunjika chini ya mkono wake.

"Mjomba!" Sindano alipiga kelele. "Nakuomba! Huyu ni mume wangu!"

"Ndiyo maana nimeanza na goti. Nimekuheshimu. Mkwe, iko wapi? Risasi ya pili haitakuwa ya goti."

Dereva aliuma meno. Alimtazama mkewe akatikisa kichwa. Kidogo tu. Usiseme. Hata hapo, mfupa umetokeza kwenye suruali, alikuwa bado anauona mpaka na barabara ya upande wa pili.

Mjomba aliiona ile ishara. Akaelekeza bastola kichwani.

"Ipo!" Sindano alisema. "Ipo hapa, imefunikwa kwa karatasi!"

Alijitupa chini, akaiokota ile aliyoisukuma Bondia. Akakwangua kwa ukucha. Kipande cheupe kilibanduka, na chini yake likatokeza jekundu, na ukingo wa ngoma.

Bondia akapiga mluzi.

"Leta," Mjomba alisema.

Sindano akasimama. Aliishika kwa mikono miwili, dole gumba huku na huku, akaikunja. Haikuwa santuri ya kupinda. Ilikuwa ya plastiki kavu ya zamani, inayokwenda vipande kama sahani. Ikatoa mlio mwembamba.

"Weka bastola chini. Tunaondoka, mimi na mume wangu. Nikifika kwenye gari naiweka barabarani."

"Wewe?" Mjomba alimshangaa kwelikweli. "Wewe hata dukani ulikuwa unatumwa na karatasi, unaona aibu kuongea. Nimekulisha."

"Umenilisha. Weka chini."

"Ulijua tangu asubuhi. Ulisimama pale chumbani kwa mzee, unajua."

Sindano akaikunja zaidi. Santuri ikalia tena.

Bondia alikuwa amekausha mikono. Alikuwa amechomoa bastola yake pia, na haikumwelekea Sindano.

"Mjomba, shusha chuma," alisema kwa upole. "Shemeji anatetemeka. Ikivunjika hiyo, tumeua mtu bure."

"Unaninyooshea mimi?"

"Nanyooshea hasara."

Dereva alikuwa anapumua vibaya. Mjomba alimtazama Bondia. Akamtazama mpwa wake. Angeweza kuishusha. Santuri ingekuwa yake, na hao wawili angewatafuta siku nyingine. Lakini alikuwa ameamriwa mbele ya watu, ndani ya karakana yake, na mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfuta kamasi.

Alifyatua.

Dereva aliruka kidogo, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Risasi ilimpata tumboni. Bondia akafyatua mara tatu. Mjomba alirudi nyuma akagonga mlango wa bati, ukalia karakana nzima, akateleza chini akiacha mfereji mwekundu juu ya bati. Macho yalibaki wazi, yenye hasira zake zote.

Na katikati ya milio hiyo kulikuwa na mlio mwingine, mdogo. Sindano aliangalia mikono yake. Nusu ilikuwa kulia, nusu kushoto.

"La," Bondia alisema. "La, la, la, shemeji."

Sindano aliviachia vipande akamkimbilia mumewe. Alimkandamiza tumbo kwa viganja vyote viwili. Damu ilipanda kati ya vidole, ya moto, haisikii. Nje watu walikuwa wanapiga mayowe. Mtu alikuwa anasema polisi, polisi, na mbali kidogo king'ora kilianza.

"Bondia! Nisaidie kumbeba! Gari liko tayari!"

Bondia hakusikia. Alikuwa amepiga magoti sakafuni na zile nusu mbili. Alizisogeza, akazilinganisha mistari, ulimi nje. Akainuka ghafla, akapekua rafu, akarudi na mkebe wa gundi ya kuzibia matairi.

"Itashika," alisema. "Hii inashika raba ya lori. Mnunuzi hataangalia sana."

"Bondia!"

"Usinitikise mkono, shemeji."

Dereva alifumbua macho. Midomo ilikuwa imekuwa myeupe kama chaki.

"Imepona?" aliuliza.

Buti zilikuwa zimefika nje. Mlango wa bati ulitikiswa, mwili wa Mjomba ukatikisika nao. Sindano aliinama mpaka paji lake likagusa la mumewe, kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo na alitaka isikike.

"Imepona, mume wangu. Bondia anaifunga vizuri. Tunaondoka sasa hivi."

"Basi," alisema. "Usisahau kutoa breki ya mkono."