Ncha ya Brashi ya Wachira

Foleni ya buchari pale mtaa wa Huruma ilikuwa imeangua kicheko, na aliyechekwa ni Nafula, msichana wa sketi nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka.

"Nimesema mafuta ya ng'ombe! Si ya kula, ni ya kupaka jiwe."

"Kupaka ndiyo kazi yangu, mrembo," akadakia kijana aliyekuwa akichora ng'ombe ukutani, rangi imemjaa hadi kwenye nyusi. Ndiye Wachira, mchoraji wa maduka. Lo, Nafula alinaswa papo hapo!

Katika maabara ya chuo, Nafula alitaka kutafuta DNA ya wanyama ambao mafuta yao yalichanganywa na rangi za michoro ya kale ya mapangoni. Lakini msimamizi wake, Profesa Asenath, alikuwa mgumu: kwanza athibitishe kipimo kinafanya kazi, la sivyo jiwe la kale lenye mchoro asahau. Basi Wachira akamchorea jiwe la majaribio kwa udongo mwekundu na mafuta ya ng'ombe, na mapenzi yakakolea.

Majibu yakatoka: ng'ombe, na binadamu! Nafula akapiga simu mbio.

"Wachira, uliigusa rangi kwa mkono?"

"Hata! Nilivaa zile glavu zako, mpenzi."

"Mwongo! Umeniharibia kazi. Usinitafute tena!"

Akakata simu, akalia mpaka macho yakavimba.

Jumamosi miguu yenyewe ilimpeleka mtaa wa Mowlem, Wachira alikokuwa akiandika jina la saluni ya Koki. Akamwona akitia brashi mdomoni, akiinyoosha ncha kwa ulimi.

"Wewe! Unaramba brashi?"

"Sasa ncha nitaipataje? Sisi wachoraji sote hufanya hivyo."

"Hata kwa jiwe langu?"

Wachira akashika mdomo. "Aki, Nafula, sikufikiria."

"Nami nilikuita mwongo. Nisamehe. Haya, panua mdomo, nipe mate!"

DNA ya mate yale ikalingana na ile ya binadamu kwenye jiwe. Profesa Asenath akavua miwani. "Kipimo chako kimenasa hata mate ya ncha ya brashi? Binti yangu, jiwe la kale ni lako!"

Nafula alirudi Mowlem akikimbia, viatu mkononi, akamkuta Wachira bado kwenye ukuta wa saluni. "Nimepewa! Nimepewa jiwe!"

Wachira akamrusha juu kwa furaha. Kisha akairamba brashi, akaandika ukutani: NAFULA, NIKUOE?

"Jamani, na jina la saluni yangu?" akalalamika Koki mlangoni.

Nafula akanyakua brashi. Akairamba ncha, chungu ajabu, akaandika kwa herufi kubwa: NDIYO.