Aliyeitikia kwa Kichwa

Haya yalimpata mdogo wangu, karani wa hospitali, na mkono wangu umo.

Alikuwa akisoma kozi ya uongozi mtandaoni, wanafunzi elfu tisa, mwalimu hawamjui hata kikohozi. Kila Jumamosi asubuhi mtandao uliwagawa wanne wanne, wajadiliane kwa video nusu saa. Ukizima kamera, hukuhudhuria. Na Jumamosi ni siku ya kufua.

"Dada, nirekodi naitikia kwa kichwa," aliniambia. "Wao waongee, mimi nisuuze."

"Basi tabasamu, bibi wee. Umekaa kama uliyeramba ndimu."

Tukarekodi dakika tano, tukaziweka zijirudie. Tulicheka sana. Wasomi wawili, mabingwa wa kuwasema wanafiki.

Jumamosi ile alianika mashuka huku picha yake ikihudhuria.

Jumatatu ukaja ujumbe: mwenzenu mmoja, fundi cherehani, amefariki. Alikutwa mbele ya kompyuta. Mdogo wangu akafungua rekodi ya mjadala. Nilisimama nyuma ya kiti chake.

Wawili walikuwa wamekatikiwa na mtandao. Walibaki fundi na picha yetu. Fundi alishika kifua.

"Dada, sijisikii vizuri. Niko peke yangu, simu imeisha chaji. Nimekuandikia hapo namba ya mume wangu. Utampigia?"

Picha ikaitikia. Ikatabasamu.

"Ahsante. Basi nakungoja."

Mlango ulikuwa nyuma yake, hatua tatu. Hakwenda. Alingoja.

Tuliifuta ile video yetu ya kuitikia siku hiyo hiyo.

Jumamosi iliyofuata mdogo wangu aliingia mwenyewe, macho yamevimba, awaambie wenzake ukweli. Akafungua mdomo. Kwenye skrini mdomo haukufunguka.

Alilia. Picha yake ilitabasamu.

Akazima kamera. Ikaitikia.

Nikachomoa waya ukutani. Ikaitikia.

"Umeona?" nilinong'ona. Alikuwa amefumba macho.

Hakuwahi kuwaambia. Mimi pia sikumpigia yule mume, ingawa namba ninayo.

Katika kozi hizo wanafunzi hupeana alama wenyewe kwa wenyewe. Za mjadala ule wa fundi zilitoka Jumatano iliyofuata. Wawili walimpa sita. Ya tatu ilikuwa ya fundi, imetumwa asubuhi ile ile ya mjadala, kumi juu ya kumi, na maelezo ya mstari mmoja:

"Huyu dada alinisikiliza mpaka mwisho."