Beseni la kwa Mchina

Haya aliniambia rafiki yangu Ombeni, na sijamsikia akitania tangu duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilipomfukia mwenzake Mabula kule Nyamongo. Mwili haukupatikana.

Mabula alikuwa amemwahidi mkewe, Imelda, kwamba akipata dhahabu atampeleka kwa Mchina akale zile tambi zinazovutwa kwa mikono. Miezi miwili baada ya msiba, Ombeni na Yona, mchimbaji mwenzao, wakaamua kumpeleka wao.

Walikaa watatu kwenye meza ya watu wanne. Jikoni Mchina alikuwa akipiga donge la unga mezani, pa, pa, pa. Saa moja jioni umeme ukakatika, na ule mlio ukakoma. Mhudumu akaja na jagi na beseni, akawanawisha hivyo hivyo gizani. Ombeni akanawa. Yona akanawa. Imelda akanawa huku analia kimyakimya. Kisha wakasikia maji yakimiminwa tena, kando ya Imelda, na viganja vikisuguana taratibu, kwa muda mrefu, kama vya mtu aliyechafuka sana.

"Unamnawisha nani?" Yona akauliza.

"Huyu kaka wa mwisho," mhudumu akajibu.

Umeme ukarudi. Kiti kilikuwa kitupu. Maji ya beseni yalikuwa yamegeuka tope la kijivu, lile la chini kabisa ya duara, na bado yalikuwa yanachezacheza.

Mhudumu akainuka kwenda kuyamwaga. Imelda akalikumbatia beseni.

"Usimwage, dada," akasema. "Hajamaliza kunawa."