Nani Anakufundisha Kuchora?

"Nani anakufundisha kuchora?"

Struan aliuliza huku akikididimiza kisu cha kuchunia kulungu kwenye turubai la picha. Chwaa! Mlima Aoraki, ambao mkewe, Hinewai, alikuwa ameuchora kwa rangi za mafuta miezi miwili, ukapasuka katikati.

"Mimi mwenyewe tu, Struan."

Kofi likamrusha hadi jikoni. Midomo ikajaa damu.

Mji mzima wa Twizel ulimpenda Struan, mwindaji mcheshi. Ucheshi huo uliishia mlangoni kwake.

Akainyakua simu ya mkewe. Ujumbe ulikuwepo, umetoka kwa "Mwalimu":

"Kesho saa nne asubuhi, kibandani bondeni. Njoo na rangi nyeupe. Mumeo asijue."

"Kumbe una bwana!" Struan akacheka kwa uchungu. "Kibanda hicho nakijua. Basi kesho nitakwenda mimi."

"Struan, si unavyofikiri! Ni..."

"Nyamaza!"

Asubuhi alimfungia chumbani, akachukua simu na bunduki, akaondoka. Hinewai alivunja dirisha kwa kiti, akatoka mkono ukichuruzika damu.

"Wapigie polisi simu!" alimpigia kelele jirani. "Kibanda cha Ailsa, mwalimu wangu wa kuchora, kule bondeni! Struan anakwenda kuua!"

Akajitupa kwenye kigari chake, akakanyaga mafuta.

Struan alikuwa ameshaupiga teke mlango wa kibanda. Ndani alisimama mwanamke mwenye mvi, brashi mkononi.

"Mwanamume yuko wapi?"

"Hakuna mwanamume hapa. Umekua, Struan."

Struan akaishusha bunduki kidogo. Sauti ile hakuwa ameisikia tangu ana miaka tisa.

"Mama?"

"Ndiyo, mwanangu. Mkeo alinitafuta mwaka jana. Ulishamkataza hata kulitaja jina langu, ndiyo maana akaja kwa siri."

"Ulinitupa ukamfuata mwanamume! Baba aliniambia!"

"Baba yako alinivunja taya. Nilikimbia kuokoa roho yangu. Mara tatu nilirudi kukuchukua, mara tatu nikamkuta mlangoni ameshika bunduki, kama ulivyoishika wewe sasa."

"Mwongo!"

Akaielekeza bunduki kifuani mwa mama yake. Hinewai akaingia mbio, akaudaka mtutu na kuusukuma pembeni. Paa! Risasi ikapita kwenye picha iliyokuwa ikikauka, kibanzi cha fremu kikamchana Ailsa shavuni.

Struan alipoona ile damu, bunduki ikamponyoka. Akapiga magoti.

"Mama, nisamehe! Hinewai, mke wangu, naapa sirudii tena!"

Alilia kwa kwikwi, na Hinewai, ambaye bado alimpenda, akanyoosha mkono amshike kichwa.

"Baba yako naye alilia," Ailsa alisema taratibu. "Kila alipomaliza kunipiga, alilia hivyo hivyo."

Mkono wa Hinewai ukabaki hewani. Kisha akaurudisha. Akaiokota bunduki, akatoka nayo nje, akawasubiri polisi.

Struan alifungwa miaka minne. Hinewai akahamia kibandani kwa mama mkwe wake, wakatundika turubai jipya.

"Anza na giza la mabonde," Ailsa alimwelekeza. "Mlima wa mbali uchanganye na buluu, upauke. Theluji usiiguse bado."

"Mbona ndiyo inayonivutia?"

"Ukiiwahi, inachafuka. Subiri rangi ya chini ikauke."

Siku nyingine mlio wa gari tu ulimfanya Hinewai akimbilie kufunga mlango, brashi mkononi. Ailsa alimpokonya brashi, akampa chai.

Mwaka wa pili, barua ikaja kutoka gerezani:

"Hinewai, hapa kuna darasa la wanaume wanaopiga wake zao. Nimesimama mbele yao nikakiri yote. Sikuwa mume, nilikuwa adui ndani ya nyumba yako. Nikitoka, nitakukuta?"

Hinewai aliisoma mara tatu, akilia. Akampa Ailsa naye asome.

"Utamjibu nini?"

"Ukweli, Mama."

Akachukua kalamu, akaandika:

"Struan, nimekusamehe. Endelea na darasa. Mama atakuja kukuona Jumapili. Mimi sirudi."