Jina Kwenye Boneti

Kigiza kilikuwa kinaanza kuingia nilipofika Nalasi kwa Biasha, mjane mwenye mikorosho, kuangalia trekta alilokuwa anauza. Lilikuwa limelima misimu minne, lakini lilimeremeta kama limetoka dukani jana. Mita ilionyesha saa mia mbili tu za kazi. Bei ilikuwa nusu.

"Mbona rahisi hivi?"

"Kitu kikitumika kinachakaa, kaka," Biasha alisema bila kunitazama. "Bei lazima ishuke."

Sikuona kilichochakaa. Tamaa ilinishika, nikakubali bei. Kwenye boneti paliandikwa MWANAHAWA.

Barazani alikaa bibi kizee, mgongo umepinda. Nikainama. "Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Aliinuka kwenye mkeka kwa shida, akanisogelea, akapiga goti.

"Shikamoo," akaniambia.

Nilidhani uzee umemvuruga akili.

"Wewe utaandika jina la nani?" Biasha aliuliza.

"La binti yangu, Devota. Ana miaka tisa."

Alishusha pumzi ndefu... akanipa ufunguo.

Nyumbani Lizaboni nililifuta jina la zamani, nikaandika DEVOTA kwa rangi nyekundu. Nikalima mwezi mzima. Matairi hayakulika. Mita haikusogea, saa mia mbili zilezile. Nilijisifu kila kijiwe, mjinga mimi.

Jioni moja Devota aliacha kuruka kamba.

"Baba... magoti yananiuma."

Alinuka dizeli, na hajawahi hata kulipanda lile trekta. Nikamvua kitambaa kichwani.

Mvi.

Nilikwangua boneti mpaka chuma. Asubuhi jina lilikuwa palepale, jekundu, bichi. Nikampigia Biasha.

"Yule bibi ni nani?"

Alijibu kwa mnong'ono.

"Ndiye Mwanahawa. Mwanangu. Ana miaka kumi na moja. Tangu uandike jina la mwanao, hajazeeka tena. Jina halifutiki mpaka mnunuzi mpya aandike la mwanawe. Nisamehe, kaka. Na mimi niliuziwa hivihivi."

Nilimlaani mpaka sauti ikanikauka. Trekta nimeliegesha, ufunguo nimeutupa chooni. Lakini kila alfajiri nalisikia uani likiunguruma, na kukikucha Devota anataka mkono wangu ili ashuke kitandani. Naogopa kuhesabu alfajiri zilizobaki.

Kesho anakuja mteja kutoka Hanga, anaitwa Osmund. Bei imemfurahisha sana. Nilimuuliza kwenye simu kama ana watoto. Anaye mmoja, Pamela, yuko darasa la pili.

Nimeshamnunulia kopo la rangi.